Taa imewaka, kruzi imekataa: kutafuta chanzo kabla gari halijakulaza njiani

"Fundi, taa imewaka, lakini gari inatembea vizuri tu." Maneno hayo nayasikia hapa gereji Igoma, Mwanza, kuliko salamu, na mara nyingi anayeyasema ameshatembea na taa hiyo tangu Bunda au Sengerema. Mteja wa pili huja na lalamiko jingine. Amenunua Subaru au Crown, vitufe vya kruzi kontro (mfumo unaoshikilia mwendo uliopanga bila mguu kwenye mafuta) viko pale kwenye usukani, lakini akivibonyeza hakuna kinachotokea. Anaona ni urembo tu umeharibika, akipata hela atatengeneza.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na naona wateja hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Kruzi hutegemea swichi ya pedeli ya breki, sensa za magurudumu, waya wa ndani ya usukani na kompyuta ya injini. Kimojawapo kikiyumba, kruzi hugoma. Kwa hiyo kruzi inayokataa ni taa ya onyo isiyo na balbu. Nimepanga matatizo kwa dalili, yale yanayoua injini na watu yakitangulia. Kruzi iko mwishoni, na ukifika huko utaona inakurudisha juu.

Kwanza: washa swichi, uhesabu taa

Zungusha ufunguo hadi swichi iwake, injini usiiwashe. Taa ya oili, ya betri, ya breki, ABS (inayozuia matairi yasijifunge ukifunga breki), eabegi (mto wa hewa wa ajali) na cheki injini zote ziwake. Injini ikianza zizime, ABS na eabegi zikichelewa sekunde chache. Taa ambayo haikuwaka kabisa inanitia wasiwasi kuliko iliyogoma kuzima. Nimefungua dashibodi nyingi za magari yaliyopita kwa madalali nikakuta tepu nyeusi imebandikwa juu ya balbu. Wajanja zaidi huunganisha waya wa taa ya eabegi na wa taa ya oili, ziwake pamoja na kuzima pamoja, mnunuzi asigundue. Ukienda kukagua gari la kununua, tumia dakika moja hapa kabla ya kusifia rangi.

Rangi zenyewe hazina fumbo. Nyekundu: tafuta mahali salama usimame. Njano: gari linaweza kutembea, lakini kuna mfumo umejitoa kazini. Kijani na bluu ni taarifa tu. Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto, maana yake injini bado baridi. Sio ugonjwa. Ila ikiwa unatoka Nyegezi mpaka mjini na bluu bado inawaka, soma sehemu ya joto, kuna mtu ametoa kitu chako.

Taa nyekundu ya oili

Zima injini. Usiseme "ngoja nifike pale Buzuruga." Taa hii haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake, na ikiwaka maana yake vyuma vya ndani vinasagana karibu vikavu.

Anza na jambo jepesi. Paki sehemu tambarare (mteremko wa Bugando haufai, kijiti kitakudanganya), subiri dakika 5 oili ishuke, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Gari kumi zinazoletwa na taa hii, nyingi ni hapa zinapoishia: oili imevuja au imeungua, na mwenye gari hajawahi kugusa kijiti tangu siku ya kubadilisha oili. Ongeza oili ya daraja lilelile, washa, uangalie. Taa ikizimika na injini haigongi, unaweza kuondoka, ila uvujaji bado unao.

Oili ikiwa imejaa na taa inawaka injini ikishapata moto ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta (sailensa), halafu inazimika ukikanyaga mafuta kidogo, mpangilio wa washukiwa ni huu: oili iliyopitiliza muda au nyepesi kuliko inayotakiwa, sensa ya oili iliyokufa (iguse chini yake, ikiwa na unyevu wa oili ndiyo yenyewe), chujio la pampu kuzibwa na tope la oili, beringi za ndani kulika. Fundi mzuri, kabla ya kukuambia injini imekwisha, atafungua sensa na kufunga geji ya kupima msukumo halisi. Asiye na geji asikufungulie injini.

Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya debe, usiiwashe tena hata kwa kuisogeza. Piga simu ya brekidauni. Gharama ya kuvutwa kutoka Magu ni ndogo mno mbele ya injini ya kununua.

Mshale wa joto umepanda, au taa nyekundu ya kipimajoto

Hapa nitakaa kidogo, maana Mwanza hii kuchemsha ndiko kunakotulisha mafundi.

Watu wengi hawajui kwamba tuko juu. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya sufuria hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, sio 100. Injini hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na kitu. Kinachozuia maji yasitokote ndani ya rejeta ni mfuniko wake, unaobana msukumo humo ndani. Mfuniko wenye mpira uliopasuka unayaacha maji yachemke mapema, halafu mtu anakwenda kununua rejeta nzima.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize linachemsha wapi.

Linachemsha kwenye foleni, Mabatini au Buzuruga, halafu likishika barabara ya wazi joto linashuka: hiyo ni feni. Hewa ya mwendo inafanya kazi ambayo feni imeacha kufanya. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Katika magari mengi feni inapaswa kuanza. Isipoanza, angalia fyuzi na rilei yake, kisha soketi, na mota mwisho.

Linachemsha kwenye barabara kuu, hasa kwenye kilima au ukiwa umepakia, lakini mjini halina shida: maji hayazunguki au hewa haipiti. Piga magoti uangalie mbele ya rejeta. Wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi jioni hujibandika kwenye mapezi ya rejeta, vumbi la Kishiri linakuja juu yao, na baada ya msimu mmoja unakuwa na ukuta wa udongo. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha inalaza mapezi. Kama nje ni safi, ndani pengine kumejaa kutu, au pampu ya maji imechoka.

Linachemsha popote, maji yanapungua na huoni tone chini: angalia moshi mweupe asubuhi, mapovu kwenye tenki la akiba injini ikiwaka, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Hapo hakuna cha kujaribu nyumbani.

Kuna mtego mmoja uliowaliza wengi. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka injini ikiwa inaungua. Ukiona mshale ulikuwa juu ukaporomoka ghafla, na hita inatoa hewa baridi, simama hapohapo.

Ukishasimama, usifungue mfuniko. Subiri angalau nusu saa, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa mkono bila kuruka. Kijana wa kuosha magari aliwahi kuniletea gari la bosi wake akiwa na mkono uliobabuka mpaka kwenye kiwiko. Alidhani dakika 5 zinatosha. Injini ikipoa, ongeza maji taratibu. Kumwagia injini ya moto maji ya baridi kunapinda silinda hedi. Kama umekwama mahali pasipofaa kusimama na mshale ndiyo kwanza unapanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na vioo vyote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na inaweza kukufikisha sehemu ya kupaki.

Maji ya bomba au ya ziwa yanakuokoa siku ya dharura, ila yasikae humo mwaka mzima. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, maji matupu hayana.

Sasa ile thamostati, mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha mara moja tu, mafundi wengi wanaitoa na kuitupa: "Huku kwetu joto, haina kazi." Ina kazi. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kudhani ni asubuhi na kumimina petroli, taa ya bluu haizimiki, na mwisho cheki injini inawaka na namba ya kosa P0128. Mteja anakuja kulalamika gari linakunywa. Namuuliza lini lilichemsha, anacheka, "Fundi umejuaje?"

Taa ya betri

Taa hii hailaumu betri. Inasema altaneta haichaji.

Angalia mkanda kwanza. Katika magari mengi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukiwa umekatika, una dakika chache kabla injini haijachemsha: simama. Mkanda ukiwa mzima, angalia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani umwagie maji ya moto yenye magadi, kaza nati. Kisha pima kwa mita: gari limezimwa, betri nzima inasoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu inashuka, ni kaboni za altaneta au regyuleta yake. Ikizidi 15, regyuleta inakaanga betri na kila kitu kinachotumia umeme.

Ukiwa safarini, zima kiyoyozi, redio na chaja za simu, usizime injini, elekea sehemu yenye fundi. Usiku taa za mbele zitakula betri mapema sana, kwa hiyo tafuta pa kulala.

Usikubali mtu achomoe kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili "kupima altaneta." Ilikuwa inafanyika kwenye magari ya zamani. Kwenye gari lenye kompyuta, umeme unaruka ghafla na unaweza kuunguza kompyuta hiyo. Na kwenye Aqua au Prius, waya wowote wa rangi ya chungwa ni umeme mkubwa: usiuguse, mwite aliyesomea haibridi (magari ya petroli na umeme).

Taa nyekundu ya breki, ABS, au zote mbili

Nyekundu peke yake: je, hendibreki imeshuka yote? Usicheke, hii ni nusu ya kesi. Kama imeshuka, fungua boneti uangalie kichupa cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama, usikimbilie kuongeza. Mafuta hushuka kwa sababu pedi zimelika, pistoni zimetoka nje, na mafuta ya kichupani yamezifuata. Angalia pedi kwanza. Zikibaki milimita 3 hivi, badilisha. Kama pedi bado nene, kuna mahali panavuja: kagua ndani ya kila rimu na mipira ya breki. Kinachoongezwa ni mafuta ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 3. Oili ya injini inavimbisha mipira yote ya mfumo, na maji yanachemka ndani ya mabomba ukiwa unateremka Isamilo.

ABS ya njano peke yake: breki za kawaida unazo, ila matairi yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu kwenye maji. Chanzo cha kawaida ni sensa ya gurudumu moja: tope limeigandia, au waya wake umekatwa na jiwe au umevutwa na fundi wa shokapu. Kinachofuata ni beringi ya gurudumu iliyobadilishwa karibuni. Nyingi siku hizi zina upande wenye sumaku ambao sensa inausoma. Ikifungwa kinyumenyume, gurudumu linazunguka vizuri na taa haizimi ng'o. Mwambie fundi ukweli kwamba ulibadilisha beringi, utamwokolea siku nzima.

Zote mbili, nyekundu na ABS kwa pamoja: acha kuendesha. Mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umezimika, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza, gari ligeuke. Vilevile kama pedeli inazama mpaka chini au inakuwa laini kama sifongo. Hapo brekidauni.

Cheki injini

Inawaka tulivu au inapepesa? Inayopepesa ina maana silinda haichomi, na petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega ya eksozi (yale yanayosafisha moshi). Punguza mwendo mara moja, na usiendelee na safari ndefu. Inayowaka tulivu inakupa siku chache.

Swali langu la kwanza kwa mteja: "Umeosha injini?" Wengi wameosha jana, kwa presha, maji yameingia kwenye mashimo ya koili na plagi. Puliza kwa hewa, acha likauke, mara nyingi inaisha. Baada ya hapo, kwa utaratibu wa kutokea: plagi na koili zilizochoka (namba P0300 hadi P0304 kwa injini ya silinda 4), sensa ya hewa iliyojaa vumbi au mpira wa hewa uliopasuka (P0171), ambayo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, sio kitambaa na petroli, sensa ya oksijeni, na masega yaliyochoka au yaliyotolewa (P0420). Kuhusu hayo ya mwisho, kuna watu wamekwangua masega wakaahidiwa gari litakuwa jepesi. Taa ndiyo malipo yao, pamoja na harufu.

Utasoma ushauri kwamba ukaze mfuniko wa petroli taa itazima. Huo unatoka Marekani, ambako gari linalazimika kujipima kama mvuke wa petroli unavuja. Kaza, haigharimu kitu, ila gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huenda halina hata kipimo hicho.

Ukienda kupimwa kwa kompyuta, dai uandikiwe namba kabla hazijafutwa. Kufuta ni kazi ya sekunde, na taa itakaa kimya siku tatu nne kisha irudi, ukiwa umeshalipa.

Wenye Subaru, hili ni lenu. Cheki injini ikiwaka, na taa ya kruzi inaanza kupepesa. Watu wanakuja kutengeneza kruzi ambayo haina kosa. Kompyuta imeizima kwa makusudi. Tengeneza chanzo cha cheki injini, itarudi yenyewe. Vilevile O/D OFF kwenye Toyota: ikiwaka tulivu, umebonyeza kitufe cha gia, kibonyeze tena. Ikipepesa, giaboksi inaita.

Eabegi

Fupi, kwa sababu hamna cha kufanya mwenyewe zaidi ya kuangalia kama soketi ya njano chini ya kiti imevutwa mtu alipokuwa anasafisha zulia. Usiiguse soketi hiyo wakati swichi ya gari imewashwa. Usiipime eabegi kwa mita, mkondo mdogo unaweza kuilipua. Fundi akitaka kufungua usukani, lazima achomoe betri na asubiri angalau sekunde 90. Akianza papo hapo, chukua ufunguo wako. Na jiulize: honi nayo imekufa? Vitufe vya kruzi navyo? Basi ni spairo, ule utepe wa waya unaojikunja ndani ya usukani, umekatika.

Kruzi haishiki kabisa

Umebonyeza swichi kuu, mwendo umepita kilomita 40 kwa saa (chini ya hapo nyingi hazikubali), gia iko D, na haishiki.

Mwite mtu asimame nyuma ya gari, ukanyage breki. Jaribio hili la bure linatatua kesi nyingi kuliko kompyuta yangu. Taa za breki zisipowaka, au zikiwaka bila kukanyaga, kruzi haitashika, kwa sababu inaamini mguu wako uko kwenye breki au haina hakika. Mara nyingi ni balbu, au swichi iliyo juu ya pedeli. Kuna kijipande cha mpira au plastiki kinachobonyeza swichi hiyo. Kikizeeka kinabomoka, unakuta vipande kwenye zulia, taa za nyuma zinawaka usiku kucha na asubuhi betri imekwisha. Mteja anabadilisha betri mara mbili kabla ya kubadilisha kipande cha plastiki. Waliofunga balbu za LED nyuma nao wajue kuwa katika baadhi ya magari zinaichanganya kruzi.

Breki ziko sawa? Angalia kama ABS, taa ya mtelezo au cheki injini inawaka. Rudi juu, tibu hiyo. Hakuna taa? Jaribu honi, halafu spairo. Gari la gia za mkono lina swichi kwenye klachi pia. Magari ya zamani ambayo kruzi yake huvuta kwa upepo wa injini (vakyumu) yana mpira mwembamba unaopasuka kwa joto la injini.

Magari mapya yenye kruzi inayofuata gari la mbele yana rada, mara nyingi nyuma ya nembo ya grili. Tope, wadudu, nembo ya bandia au ngao ya chuma iliyofungwa mbele vinaipofusha. Futa kwa kitambaa laini. Kama bampa limewahi kugongwa, rada inahitaji kupangwa upya kwa vifaa. Kuikadiria kwa macho ni hatari.

Kruzi inashika halafu inaachia

Kwenye kilima, mwendo ukianguka karibu kilomita 16 chini ya uliopanga, Toyota nyingi hujitoa. Huo ni utaratibu wake. Ikiachia kwenye mashimo na rasta tu, swichi ya breki iko karibu mno, pedeli ikitikisika inagusa. Ikiachia ovyo kwenye lami nzuri, tafuta sensa ya gurudumu inayokufa. ABS itawaka si muda mrefu.

Inafanya kazi, ila itumike wapi?

Nitasema wazi: katika mkoa huu nafasi zake ni chache. Barabara ya Musoma ni kijiji baada ya kijiji, Nyanguge, Magu, Lamadi, na kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kuna wanaopanga 50 hapo ili tochi ya trafiki isiwanase. Nawaelewa, ila mguu unalegea, unasogezwa pembeni, na ng'ombe wa Msukuma hawasubiri uurudishe. Hata ile yenye rada haijatengenezwa kumwona ng'ombe, na inaweza isilione gari lililokwisha kusimama barabarani. Kati ya Lamadi na Bunda, karibu na lango la Ndabaka, wa kuvuka wanaweza kuwa wanyama wa Serengeti.

Mvua ikianza, itoe. Tairi likielea juu ya maji, kruzi inaona mwendo unapungua na kuongeza mafuta, wakati wewe ungeondoa mguu. Kwenye mteremko, kruzi ya kawaida haifungi breki, gari litazidi mwendo uliopanga. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, lami inashawishi, lakini uko juu ya maji na upepo wa ubavuni: shika usukani kwa mikono miwili na mwendo uwe wa mguu wako. Inafaa mchana mkavu, barabara iliyonyooka, magari machache, kama vipande vya kusini huko baada ya Shinyanga, na unyayo ukiwa umeelekea breki.

Gari linaendelea kuvuta hata baada ya kugusa breki

Ni nadra, na mara nyingi kruzi haihusiki. Mshukiwa mkuu ni zulia la kununua barabarani, lisilo na ndoano, lililopanda juu ya pedeli ya mafuta. Wengine ni kebo iliyonata au kifuniko cha hewa kilichojaa uchafu.

Kanyaga breki kwa nguvu mara moja na ushikilie. Ukipampu, msaada wa breki unaisha na pedeli inakuwa jiwe. Sukuma gia iende N. Injini italia kwa sauti, iache ilie. Washa taa za hatari, toka barabarani, ukishasimama ndipo uzime. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho gari likiwa kwenye mwendo, usukani utajifunga. Gari la kitufe, kishikilie sekunde 3. Toa zulia, ulitupe nyuma, na hata kama pedeli sasa inarudi vizuri, kruzi usiibonyeze tena mpaka fundi awe ameikagua.